Kisanduku cha Umri

Fomu imefika Jumanne, bahasha ya kahawia,
anwani imebandikwa kombo.
Mimi, Aldéa Gallant, niliyechambua barua za Moncton
miaka thelathini na minane,
huona kombo hata gizani.

Swali la kwanza: umri wa mwenye usonji.
Sifuri hadi mitano.
Sita hadi kumi na miwili.
Kumi na mitatu hadi kumi na saba.
Kisha karatasi inakwisha
kama reli iliyoishia shambani,
kana kwamba usiku wa kutimiza kumi na minane
mtu huuvua usonji wake, akautundika mlangoni
pamoja na sare ya shule.

Mimi nina sabini na mmoja.
Jina la hali yangu nililipata nikiwa na sitini na mitatu,
kwa daktari niliyemwendea kwa ajili ya masikio.
Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine:
mkaidi, jiwe, bibi arusi wa kabati la barua.
Mama alifariki akidhani namchukia
kwa kuwa sikumtazama machoni.
Nilikuwa natazama mikono yake.
Naweza kuichora hata leo,
pamoja na kovu la kisu cha samaki.

Napiga nambari iliyo chini ya fomu.
Kijana wa Ottawa ana sauti ya glasi iliyosuuzwa.
"Mtoto wako ana umri gani, mama?"
Sina mtoto.
"Mjukuu?"
Sina.
"Basi unapiga kwa niaba ya nani?"

Kwa niaba ya Ulric, namwambia,
aliye nyumba ya wazee, ghorofa ya pili,
ambako runinga hunguruma tangu alfajiri,
taa za mirija zinamvumia fuvuni,
na mbaazi wamezimwaga juu ya viazi.
Humjui Ulric. Mbaazi zikigusa viazi
hicho si chakula tena.
Akijitikisa kitini wanampa vidonge,
wanasema uzee umemvuruga.
Ulric hajavurugika.
Amejitikisa hivyo tangu tukiwa darasa la pili,
na kwa mwendo huohuo alitengeneza saa za nusu ya mji.
Nani atayaandika hayo kwenye faili lake
nikitangulia mimi?

Na kwa niaba yangu, naongeza.
Nilikuwa nimejisahau.

Mnatupangia kitanda, kijana.
Waulizeni waliokilalia
kunguni wake wako upande gani.

Kimya. Nakihesabu: sekunde kumi na moja.
Wengine huogopa kimya; mimi hukaa ndani yake
kama chumba kilichofagiliwa.
Halafu: "Fomu haina nafasi hiyo, mama."

Ina pambizo, nasema.

Nachukua rula ya chuma
(niliiba posta siku ya kustaafu,
wizi wangu wa pekee),
na chini ya kumi na saba nachora kisanduku,
pembe nne, nyuzi tisini kila moja.
Kando yake: kumi na minane hadi kaburini.
Natia alama.
Wino bado upo, basi nachora cha Ulric,
na cha yule mwanamke wa maktaba
avaaye glovu mwezi wa Julai;
hatujawahi kuulizana kitu,
ila tukipishana kwenye rafu za ramani
kila mmoja humwachia mwenzake hatua mbili.

Saa kumi na dakika arobaini gari la posta hupita.
Alhamisi fomu itakuwa Ottawa.
Mashine haitaisoma, najua:
alama ikitoka nje ya mstari mashine huitema karatasi,
na karatasi iliyotemwa
haitupwi. Hupelekwa kwa mtu,
mkononi, aigeuze kwenye mwanga.

Miaka thelathini na minane
mtu huyo nilikuwa mimi.