Mguu wa Tano

Chipu tatu nimeziunguza, Mwanakheri akihesabu.
Ya mwisho ilinuka hadi jirani wa juu akagonga sakafu.
Rahisi huvunja upishi, nilijua. Nikanunua tu:
miguu minane, mgongoni haina hata jina,
nani aniambie upi wa umeme, upi wa ardhi?

Jumamosi tukashuka Sheffield, rasharasha shingoni,
dukani kwa Doreen, droo hadi darini.
Akatoa moja, bei mara nne,
imeviringishwa kwenye karatasi:
volti, ampea, kila mguu na kazi yake,
na pembeni, kwa penseli ya mtu fulani,
“Wa tano hupata moto. Usiogope.”

Usiku roboti ikazunguka meza,
ikagonga kikombe, ikarudi nyuma.
Mwanakheri akaunyooshea kidole mguu wa tano,
akagusa.
“Kweli,” akasema.