Moja Nukta Tatu

Jengo letu la Tudor lina ngazi mbovu na watu wawili wasiolala:
mimi ghorofa ya pili, na bika yangu ya mafuta ya karafuu,
Shekuwe chini, chumba kisicho dirisha,
akilinda kipimatetemeko chake kama mzazi aliyejifungua juzi.
Hupanda kuniomba chai. Hushuka akinilaumu:
"Jana saa nane za usiku ulivuta kiti."
Kweli, nilivuta. Kiti changu kimo katika karatasi zake
pamoja na malori ya Makupa na kreni za Kilindini,
na harusi ya jirani iliyopiga ngoma mpaka alfajiri.

Kazi yangu ni kushawishi.
Vijiti viwili vya kaboni ndani ya myeyusho,
mkondo mwembamba kama uzi wa kushonea kofia,
nami naongeza volti, kidogo, kidogo.
Moja. Kimya.
Moja nukta moja. Sindano imelala.
Moja nukta mbili, nikapiga miayo.
Moja nukta tatu, molekuli ikaachia elektroni yake,
ikamgeukia jirani, wakashikana,
na bika nzima ikaingia rangi ya asali.
Karisa, mwanafunzi wangu, akaandika daftarini:
"Ile nukta ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi."
Nikapiga mstari kwa wino mwekundu.
Kwani ile volti moja ya kwanza
ilikuwa imekwenda kutembea?

Alhamisi Shekuwe aliniita chini.
"Tazama. Tetemeko la ng'ambo ya pili ya bahari.
Lilipita chini ya Mombasa dakika arubaini.
Nani alishtuka? Marikiti walikuwa wakipima tangawizi.
Hata chai yako haikukunja uso."
Kidole kikasogea juu ya karatasi. Saa saba baadaye,
mikwaruzo: mitatu, minne, midogo,
kutoka bara, kwenye ufa
ambao hakuna aliyewahi kuusikia ukikohoa.
"Wimbi limevuka maelfu ya kilomita, limechoka.
Lina nguvu gani? Ya kupuliza vumbi."
"Basi limevunjaje mwamba?"
"Halikuvunja. Lilipiga hodi
kwenye nyumba iliyokuwa ikianguka."
Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli, akavua miwani:
"Au ni sadfa. Wimbi limeshapita, limekwenda zake,
kwa nini saa saba nzima? Sijui.
Sijui ule ufa ulikuwa ukingoja nini."

Sikumwambia habari za mama.
Jumapili simu ilitoka Maskati,
binamu asiyejua, aliyekaa mbali mno,
akaulizia watu wote, mmoja baada ya mmoja,
akamtaja na Bwanaheri, kaka yangu.
Mama akasema, "Hajambo."
Akaweka simu, akakuna nazi,
akachuja tui zito, akachuja la pili,
akala, akaosha vyombo, akaswali isha.
Miaka kumi na mmoja tangu tumzike
hakuna aliyeona chozi lake. Kuze nzima walimsifu:
mama yule ana subira ya mwamba.
Mwamba!
Siku ya tatu alitafuta kifuniko cha birika, hakukiona.
Alitazama rafuni, akatazama karoni,
akakaa chini, pale pale jikoni, juu ya saruji,
na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia.

Majirani waliingia na khanga mabegani.
Mmoja akanong'ona: mtu mzima, kwa kifuniko?
Mwingine akasema ni ile simu.
Mimi nilikuwa nimemshika mabega,
nayahesabu yanavyopanda na kushuka.
Sikuwa na wino mwekundu.

Leo stima imepotea tangu magharibi.
Bika yangu imesimama njia panda, nusu asali, nusu maji.
Chini, mashine ya Shekuwe inakula betri na kuandika,
kuandika, hata kama hakuna neno.
Nataka kukaa karibu na dirisha nipate upepo.
Kiti nimekibeba kwa mikono miwili.