Kiraka

Fomu iliuliza: Una ua? Una geti?
Umewahi kufuga? Unaishi na nani?
Nikaandika: ua upo, geti ni la mabati,
naishi na cherehani.
Kijana wa kituo, Eliakunda, akacheka kidogo,
kisha akaona mimi sicheki.

"Huyu," akasema, "amerudishwa mara mbili."
Akalisema kwa sauti ya chini
kama mtu anayetaja deni la mgeni.
Amerudishwa, kama sahani ya kuazima;
ila sahani hurudi na kitu ndani, hata ndizi mbili,
yeye alirudi na alama ya waya shingoni
imechubuka upya.

Tulitoka Rau kwa miguu,
yeye mbele ya kamba, mara nyuma ya kamba,
kando yangu hata mara moja.
Watu wakauliza: Unampeleka chanjo?
Nampeleka nyumbani.
Mbwa koko huyo, mama!
Nikasema hata duka langu
lilianzia barazani kwa watu.

Siku ya kwanza alijibanza nyuma ya gunia la mkaa.
Siku ya pili, hivyo hivyo.
Ya tatu nilimsogezea makande
nikageukia ukuta, nikijifanya natafuta bobini,
ndipo nikasikia ulimi ukikwangua sufuria.

Nikajifunza yasiyokuwemo kwenye fomu:
ufagio usipite juu ya kichwa chake;
mwanamume mwenye gambuti asikohoe getini;
na lile jina alilokuja nalo, Bosi, lisitajwe,
maana kila nikilitamka mkia uliingia tumboni
nami nikabaki kujiuliza
nani alilitumia kabla yangu, ameshika nini mkononi.

Nikamwita Kiraka.
Ndugu yangu Ndewirwa, aliyeshuka kutoka Marangu na mkungu wa ndizi,
akaona namtukana mnyama.
Nikamwambia kiraka si tusi.
Waulize wazazi wanaoniletea kaptura za shule
kila mwezi wa kwanza: kiraka ni pale
nguo ilipokataa kuwa dekio.
"Na mbona habweki?" akauliza.
"Basi umefuga mbuzi."

Bi Mwantumu wa ukuta wa pili hakuuliza kitu.
"Mate yake siyataki nguoni mwangu," alisema,
"lakini njaa ni njaa."
Kila Ijumaa mfuko wa mifupa ya pilau
hupita juu ya ukuta, huanguka puu,
naye huondoka akiwa ameshika ncha ya baibui
kana kwamba hakuwapo.

Ikaja Juni, baridi ikateremka kutoka mlimani
ikapita chini ya mlango.
Nilikuwa na majoho ya kwaya, ishirini na sita,
rangi ya zambarau, Jumapili ikinikaribia.
Saa nne usiku, nikikanyaga pedali,
kitu chenye joto kikagusa kisigino changu.
Sikutazama chini.
Nilipofika mwisho wa pindo nikasimama,
naye akainua kichwa, mwili mzima ukitaka kukimbia.
Nikakanyaga tena. Akalala.

Majoho yalikwisha saa sita.
Nikachomoa uzi, nikaweka kipande cha kitambaa kibovu,
nikaendelea kushona bila kushona,
sindano ikitoboa na kuacha vitundu tu,
hadi miguu ikafa ganzi
na pumzi yake ikawa ndefu.

Mwezi wa nane Eliakunda akapiga simu.
Kituo hufuatilia, alisema, ndiyo utaratibu.
Kuna tatizo lolote?
Nikasema lipo: ametafuna mkono wa joho
la mwimbaji wa sauti ya tatu.
Kimya. Nikasikia karatasi zikipekuliwa.
"Basi, mama... tuje tumchukue?"

Mchukue nani, nikasema.
Joho nimeshalitia kiraka.

Kubweka, bado.
Ila jana ufagio uliteleza ukutani
ukaanguka wenyewe, kishindo,
naye akainua sikio moja,
lile lililochanika,
akalirudisha chini.