Picha ya Mnato

Miaka kumi na saba chumba kile kililala na matairi.
Dirisha nililolipaka lami likachubuka,
jua likaingia kidogo kidogo, kama mdaiwa,
likaketi juu ya beseni la haipo.
Studio ikawa gereji ya baiskeli. Sikulia.
Barabara ya Kumi na Tano haina muda wa kumlilia mtu:
pancha ina bei yake kila siku,
picha haikuwa na bei tena.

Kisha akaja Zuwena, binti wa Makorora,
na wenziwe wawili, mmoja Kaniki, mwingine jina limenitoka,
shingoni kamera ya chuma, nzito kama jiwe la mizani.
"Mzee, unasafisha?"
Nikadhani anasema mnyororo.

Neno hilo!
Tulisema kusafisha picha, na hatukufuta chochote.
Tulimtoa mtu gizani kwa maji machafu
mpaka macho yake yakatutazama.
Na mwanga ukipenya tulisema imeungua,
kama ubwabwa wa shughuli,
na mwenye harusi tulimkimbia mtaa mzima.

Nikawaambia: dawa hakuna, iliisha na wenyewe.
Simu zenu zinapiga picha elfu kabla ya chai. Nendeni.
Kaniki akafungua mfuko:
kahawa ya kopo, magadi,
vidonge vya vitamini C,
chumvi kilo tatu.
"Mnapika makande?" nikacheka.
"Maharage hayaivi bila magadi," akajibu yule nisiyemkumbuka jina.

Basi tukapika.
Mkanda niliuzungusha gizani, giza la kufumba na kufumbua sawa,
vidole vikaijua njia peke yao, mimi nikivifuata.
Chumba kikanuka mgahawa ulioungua.
Chumvi haina haraka: usiku kucha, na mchana wake.
Taa nyekundu sikuwa nayo tena,
nikachomoa ya nyuma ya Foniksi ya mteja
(alikuja kuidai, nikamwambia bado naitengeneza).

Thelathini na sita. Waliopona, kumi na mmoja.
Bei ya mkanda ule, unaotumwa toka Dar kwa mkono wa kondakta,
ni unga wa wiki tatu nyumbani kwao.
Nikawaona wamefurahia wale kumi na mmoja
kama watu waliopata kumi na mmoja, si waliopoteza ishirini na watano.
Hesabu hiyo sikufundishwa.

Ya tisa ilikuwa tupu.
Bibi yake, kule Duga, alivaa doti mpya,
akatia wanja, akaketi, akazuia pumzi.
Zuwena akasahau kuvua kifuniko cha lenzi.
Nikashika mkasi. "Usikate," akasema.
"Ile pumzi aliizuia kweli."

Nikamsafishia, kwenye karatasi kuukuu yenye ukungu pembeni:
nyeusi tititi, mraba wa usiku.
Bibi, nasikia, aliisogeza dirishani,
akaigeuza, akaitazama muda wa kikombe kizima,
akasema: "Hapa nilipendeza."
Imebandikwa sebuleni, karibu na kalenda ya msikiti.

Tuliziita picha za mnato.
Nimezipiga nusu ya maisha
na sikuwahi kujiuliza nini hasa kinachonata.

Wananiuliza kama itadumu. Mimi?
Mimi niliyesema baiskeli zitakufa,
niliyesema simu ni upepo?
Karatasi zangu zimebaki hamsini na mbili.
Mikanda itapanda bei tena, au itakwisha,
au Zuwena atapata kazi Arusha, au atapata mtoto.

Jumamosi iliyopita hawakuja.
Jumamosi hii wamekuja wanne,
mmoja ana kamera isiyofunga, ameifunga kwa mpira wa tyubu,
na tyubu ni yangu.

Nimehamishia matairi uani.
Nimenunua rangi nyeusi ya dirisha.
Kopo dogo, kwanza.