Geuza Mara Mbili

Chumbani kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kioo cha kompyuta kilinisifu kupita kiasi.
Niliburuta kipanya juu ya jina,
nyuma yake pakaiva chungwa la Muheza,
na herufi nyeupe zikakaa juu yake
kama chumvi juu ya kipande.
Nikasema: programu imekwisha. Nikafunga dirisha, nikala.

Siku ya tatu kijana wa baiskeli akaleta karatasi
kutoka ghala la mkonge, bandarini.
Karani Shekiondo halalamiki kwa maneno ya kawaida:

    Fundi nakupa salamu, na malalamiko pia,
    Jina la mtu timamu, mwanga umelifukia,
    Mshahara una zamu, watu wanasubiria,
    Kuchagua ni kufuta? Naomba kuelezewa.

Nikaenda. Vumbi la marobota, feni inayokohoa,
na mezani kioo cha umri wangu
kinachojua mambo mawili tu: kuwaka na kuzima.
Shekiondo akaburuta. Jina likaingia mwangani,
halikutoka.

Hapo nikaona kosa langu lilivyo dogo.
Chungwa, likilazimishwa kuchagua upande,
huangukia kwa nyeupe;
herufi nazo zilikuwa nyeupe tangu mwanzo.
Taa juu ya taa. Nani atasoma?
Siku zote nilidhani jina huliwa na giza.

"Sikulifuta," nikamwambia. "Limo humo."
"Limo," akasema, "kama sukari ilivyomo kwenye chai.
Sasa nimlipe nani, chai?"

Usiku ule niliandika upya mistari kumi na minne.
Kwanza, kiulize kioo: una rangi ngapi?
Kikijibu nyingi, kipe chungwa lake.
Kikijibu mbili, usipake kitu. Geuza.
Nukta inayowaka, izime; iliyozima, iwashe.
Herufi ijitokeze kwa kukataa kilicho nyuma yake.
Na mkono ukiondoka, geuza tena:
kila nukta hurudi kwao bila kuonyeshwa njia,
wala sikuhitaji kuweka akiba ya jana.

(Jaribio la kwanza niligeuza mara tatu.
Nusu ya jina ikalala, nusu ikakesha.
Nikahesabu kwa vidole, nikarekebisha.)

Mimi si mshairi. Nyuma ya karatasi yake
niliweza mistari miwili tu:

    Karani yangu jawabu, kosa nimelimaliza,
    Kuchagua si kufuta, ni nuru kuigeuza.

Ijumaa ya mshahara nilikuwapo, ndani ya dirisha la malipo.
Kilua Mbaruku aliinama,
viganja vyake vimechorwa na miiba ya mkonge,
akalitafuta jina lake, akalipata
jeusi katikati ya mstari wa taa.
"Mbona wenzangu wanawaka, mimi nimezimwa?"
"Ndiyo kuitwa huko," Shekiondo akamjibu.

Kilua akahesabu noti, mara mbili, akazikunja.
Hakuondoka. Akagonga kioo kwa ukucha:
"Basi nirudisheni nilivyokuwa."

Shekiondo akaachia kipanya.