Sampuli Mlangoni

Waliniletea sampuli nne ndani ya boksi la biskuti.
Kamati nzima ikasimama, mikono nyuma,
kama watu waliokuja kuaga maiti ya mtu wasiyemjua.
Mhandisi Gwakisa akakohoa:
Mama Subilaga, mpiga deki ni wewe. Chagua.

Miaka kumi na tisa napiga deki jengo hili,
sijawahi kuulizwa hata rangi ya ndoo.

Ni jengo la mawe, kuta zake nene kama mkono wangu ulivyo mrefu.
Walijenga Wajerumani, wakakalia Waingereza;
leo ni ardhi, vizazi na vifo, na dirisha la kodi.
Tukuyu haiulizi nani anatawala. Inanyesha.
Watu huingia na tope la Kiwira, tope la Masoko,
tope la migombani lililoshika majani ya chai,
kila mmoja na udongo wake kwenye buti
kama ushahidi wa kiwanja anachokidai.

Ya kwanza, kigae cheupe. Kilimeta
hata meno ya mwenyekiti niliyaona humo.
Ya pili, ubao wa mninga; ukiunusa
unatamani kuolewa upya.
Ya tatu, plastiki iliyochorwa mistari ya mbao,
uongo unaokunjika.
Ya nne, saruji nyekundu iliyosuguliwa,
mdogo wake sakafu hii hii tuliyoikanyaga.

Nikasema: mimi sichagui kwa macho.
Zipangeni mlangoni. Kesho ni gulio,
watu wachague kwa miguu.

Ikanyesha tangu alfajiri.
Mama mmoja, mkungu wa ndizi kichwani,
alifika kwenye kigae, akakitazama,
akakizunguka kama anayezunguka mbwa wa watu.
Mzee Ambakisye hakukizunguka.
Kofia huku, hati ya kiwanja kule,
yeye katikati, amekaa kitako, mzima, anacheka:
Andikeni! Nimelipa kodi kwa makalio!

Mgambo akapita juu ya mninga na buti zake za misumari,
na fimbo ya bibi kipofu ikauachia vidoti,
tk, tk, tk, kama ndui.
Mninga ni wa kitanda. Usiulaumu.
Kufika adhuhuri plastiki imeinua pembe
na kuonyesha gundi yake bila haya.

Saruji ilikuwa tope tupu, haionekani.
Jioni nikapitisha tambara bichi, kisha kavu,
kisha nta niliyoiyeyusha kwa mafuta ya taa.
Ikafumbua macho.

Hapo tungekwenda nyumbani.
Ila mbele ya dirisha la tatu sakafu imelika,
bonde la upana wa nyayo mbili,
walikosimama waliosubiri, na baba zao waliosubiri.
Bwana Ndelwa, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Mbeya,
akachuchumaa, akalipiga picha mara saba.
Hii ni historia, alisema, isiguswe.
Wote wakanigeukia, nitikise kichwa kama mwenye kumbukumbu.

Bwana, nikamwambia, historia yako inatuamisha maji.
Naikamua mimi, kila siku, kabla ya saa mbili,
kwa magoti haya.
Izibeni.

Kimya. Hata mvua ilisikika ikifikiri.

Ila msizibe kwa wekundu, ikapotea.
Kateni jiwe jeusi la mtoni, bapa,
lenye upana wa mtu mmoja anayengoja,
lisawazisheni na sakafu, msiandike kitu.
Atakayefikiwa na zamu atasimama hapo,
atajua mwenyewe kuwa si wa kwanza.

Kwenye muhtasari waliandika: *kwa ushauri wa wataalamu.*
Ndaga. Sikuwadai.

Jiwe lilipokauka nililikanyaga mimi kwanza,
pekupeku, taa za ukumbi bado hazijawashwa.
Baridi. Limekaa sawa.
Nikamwaga kikombe cha maji juu yake, nikangoja:
yalikwenda mlangoni yenyewe.