Okoa Elfu Sita

Duka analouzia Shaame, pale Chake,
lina kioo kilichopanguswa mpaka nzi anateleza,
na bango la manjano: OKOA ELFU SITA.

Nikasimama na pakacha langu.
Kwetu Chokocho huokolewa anayezama,
huokolewa mbuzi aliyetumbukia kisimani.
Hizi elfu sita, nani kazitosa?

Sichana kanituma. Mimba ina miezi mitano,
damu haba, akiinuka dunia inamzunguka.
Kanipa noti tatu za elfu kumi kumi
zimekunjwa mara nne, zina joto la kifua chake,
na jina la chupa kwenye kipande cha daftari.

Ndiyo hii: nyeupe, kifuniko kijani,
vidonge sitini vya mwani.
"Lishe ya asili, mama," Shaame ananisomea,
"haina kemikali, imetoka baharini moja kwa moja."

Anamwambia nani?
Mimi mashine ya kitambulisho ilinikataa mara tatu;
vidole vyangu havina michirizi,
kamba na chumvi zimeilamba yote.
Moja kwa moja! Na mgongo wangu je,
haukuwa njiani?

Thelathini na sita, leo thelathini.
Sikusoma sana, lakini miaka kumi na tisa
nimepimiwa kwa mizani ya mtu mwengine.
Kilo ya mwani mkavu, mia nane.
Nikahesabu kwa midomo, polepole, Shaame akingoja:
kilo thelathini na saba na nusu
kwa chupa inayoenea kiganjani.
Na hapo nishaokolewa.

"Ifungue ninuse."
"Haifunguliwi, mama, ina lakiri."
Basi hata harufu yake wameifungia.

Nikamuuliza la mwisho: mna chuma humu, cha damu?
Akaigeuza chupa, akaisogeza kwenye mwanga,
akasoma juu, akasoma chini.
Kisha akachungulia mlango wa nyuma, alipo tajiri wake,
akasema kwa sauti ya msikitini:
"Hakikuandikwa. Kituo cha afya wanatoa vya damu, bure.
Mwambie arudi kwa mkunga. Sikukwambia mimi."

Mtoto wa watu. Sijui analipwa ngapi.
Nikatoa ndimu mbili pakachani, nikamwachia
juu ya kabati lake la kioo.
Zikaacha alama ya vumbi.

Sokoni nikanunua kisamvu, mafungu mawili,
dagaa, nazi, na kipande cha ini kwa yule Faki
asiyepunguza bei hata umlilie.
Nikamlilia. Kapunguza mia tano.

"Chupa iko wapi?" Sichana hata salamu hakunipa.
"Mize anayo. Kaiweka juu ya friji, kila mtu anaiona."
Nikamtia chenji mkononi: elfu kumi na saba na mia tano.
Akaihesabu mara mbili. Hakucheka.
Usiku alikula ini, akalamba kijiko,
akanigeuzia mgongo, akalala.
Asubuhi nikamkuta keshavaa buibui,
kadi ya kliniki kwapani.

Keshokutwa bamvua. Nitashuka na kamba mpya.
Mnunuzi akija na mizani yake
nami nitakuwa na swali la kumpimia.